Asante ya Bi Nyongeza

Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mbunge mmoja wa viti vya nyuma alisimama akauliza swali lenye maneno ishirini na manne. Limo katika taarifa rasmi ya siku hiyo, swali namba 137, kwenda Wizara ya Fedha: "Je, ni lini Serikali itasaini msamaha wa kodi wa mashine ya tiba ya mionzi iliyokaa katika ghala la forodha kwa miezi kumi na minne?"

Chini ya jibu la Naibu Waziri kuna mstari mfupi ambao waandishi wa taarifa hawakuwahi, kabla ya siku hiyo, kuuweka chini ya jina la mbunge huyo kwa miaka tisa aliyokaa bungeni. Unasema: "Mbunge aliridhika."

Wenzake humwita Bi Nyongeza. Kanuni humpa kila muulizaji nafasi ya maswali mawili ya nyongeza baada ya jibu la msingi, na wabunge wengi huitumia kuomba barabara au kisima ambacho hakikuwamo hata kwenye swali. Yeye huitumia ilivyokusudiwa. Jibu la msingi, husema, limeandikwa na watu kumi, likapitiwa na watano, likaondolewa kila kinachouma. La nyongeza halijaandikwa na mtu. Hapo ndipo waziri hubaki na kichwa chake mwenyewe.

Mbunge mmoja wa upande wa pili aliwahi kusema mkahawani kwamba mama huyu, hata akiambiwa jua limechomoza, atauliza limechomoza kwa idhini ya nani. Meza nzima ilicheka. Yeye naye alicheka, akakoroga chai yake, kisha akataka kujua idhini yenyewe inatunzwa ofisi gani.

Kabla ya siasa alikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka masoko na maduka na sanduku la mawe ya kupimia, akitafuta mizani zilizolegezwa. Kazi ile ina utaratibu wake. Unaweka jiwe, unasoma, unaliondoa, unasubiri mshale urudi kwenye sifuri, unaliweka tena. Mwenye duka mwongo, anasema, hujiandaa kwa mara ya kwanza tu.

Aliyemlea ni dada yake, aliyemzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alifariki mdogo akiwa na miaka minne, na baba hakuwa mtu wa kutegemewa. Dada aliacha shule akiwa na miaka kumi na saba, akaajiriwa katika kiwanda cha chapa cha Serikali. Alianza kwa kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine. Alistaafu miaka arobaini baadaye akiwa msomaji wa prufu, yule anayesoma karatasi ya majaribio kabla haijaenda kuchapwa kwa wingi, na karatasi yake kubwa ilikuwa Gazeti la Serikali. Kila Ijumaa lilitoka na hati za viwanja zilizopotea, uteuzi wa mahakimu, leseni, mirathi, misamaha ya kodi. Watu wa kawaida hawalisomi. Lakini jambo la Serikali, mpaka litoke humo, halijawa.

Karatasi zilizoharibika Dada alikuja nazo nyumbani, na mdogo wake alijifunzia kusoma humo. Neno la kwanza alilolisoma peke yake lilikuwa "Tangazo". Nyumba ile ilikuwa na msemo wake: haijachapwa. Jirani akija na umbea kwamba fulani anaolewa, Dada humsikiliza mpaka mwisho, kisha husema, haijachapwa. Matokeo ya mtihani yakisemwa mitaani, hayajachapwa. Mwanamume mmoja aliwahi kumwahidi ndoa Dada mwenyewe kwa miaka miwili. Hakuolewa, na alipoulizwa, jibu lilikuwa lilelile, kwa sauti ileile.

Alipostaafu alihamia kwa mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa mjane mwenye watoto wawili walioshaondoka nyumbani. Alipewa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama uchochoro. Aliomba vitu vitatu: meza, taa ya mezani na televisheni. Televisheni ilikuwa ya kumwangalia mdogo wake bungeni.

Januari 2019 Dada aligunduliwa kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Daktari alimchorea nyuma ya kadi ya kliniki: mionzi kila siku kwa wiki tano, ianze kabla ya katikati ya mwaka, na ugonjwa wa hatua hii watu wengi huushinda. Tatizo lilikuwa mashine. Ya zamani ilikufa mwaka uliotangulia. Mpya ilikuwa imefika, ipo katika sanduku, imefunikwa turubai la buluu katika ghala la forodha, na hospitali haikuwa na uwezo wa kuilipia kodi. Ilihitaji msamaha, na msamaha una hatua tatu. Waziri wa Fedha anasaini. Tangazo linachapwa katika Gazeti la Serikali. Forodha inafungua mlango. Orodha ya waliokuwa wakisubiri ilikuwa na majina mia tatu na kumi na mawili. Dada alikuwa wa mia na themanini na nane.

Bima ya wabunge humhudumia mbunge, mwenzi wake na watoto wake. Haimtambui dada, hata kama ndiye aliyemlea. Mdogo akauza kiwanja chake cha pembezoni mwa mji, akapanga safari ya matibabu nje ya nchi kwa watu wawili, tarehe 26 Mei. Dada hakuwa na hamu nayo. Alisema hajawahi kulala mahali ambapo hajui bafu liko upande gani, na hataki kuanza sasa.

Swali la mashine lilipitia Meza ya Maswali, chumba kisicho na dirisha ambako karani mmoja, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, hupokea maswali ya wabunge wote na kuyapunguza mpaka yakae ndani ya kanuni. Karani huyu na Bi Nyongeza ni watani wa siku nyingi. Mbunge humwambia karani kwamba akifa atazikwa bila kalamu yake, asije akayapunguza maswali ya malaika kaburini. Safari hii hawakutaniana. Karani alimuuliza, kama anavyopaswa kumuuliza kila mbunge, kama ana maslahi binafsi katika jambo hilo. Akasema dada yake ni wa mia na themanini na nane. Karani aliandika hivyo katika daftari la maslahi, akasema maslahi yanayoshirikiwa na watu mia tatu hayamzuii mtu kuuliza.

Dada naye alikuwa na sharti lake: asiende kule kumlilia yeye. Aulize ya wote.

Yeye na Dada waliandika pia maswali mawili ya nyongeza kwenye kadi mbili, kwa kuwa walijua jibu litakalokuja. Katika miaka tisa Bi Nyongeza alikuwa ameambiwa mara arobaini na moja kwamba mchakato uko katika hatua za mwisho. Amezihesabu. Kadi ya kwanza ilisema: Tangazo la msamaha huo litachapwa katika Gazeti la Serikali la tarehe ngapi? Ya pili ilihusu forodha. Karani alizisoma zote mbili, akairudisha ya kwanza mkononi mwake na kumwambia kwamba hilo ndilo swali lenyewe, lile la msingi ni la kubisha hodi tu.

Basi asubuhi ile ya Mei akauliza. Naibu Waziri wa Fedha ni mchumi mrefu, mpole wa sauti, asiyependa ugomvi. Alisimama, akaifungua karatasi yake, akasema kwamba anapenda kulitaarifu Bunge kuwa Waziri alitia saini msamaha huo tarehe 9 Mei. Akakaa.

Meza zilipigwa. Spika akageukia viti vya nyuma, na ukumbi ukaanza kucheka kabla hajasema kitu.

"Mheshimiwa, najua unazo mbili. Anza na ya kwanza."

Alisimama. Kadi ilikuwa mkononi. Baadaye amejaribu kueleza kilichotokea, na maelezo yake ni mafupi. Alikuwa amejiandaa kwa jibu baya. Kwa jibu zuri hakuwa na maandalizi. Alisikia neno "saini", masikio yakaziba, na picha aliyoiona ilikuwa ya Dada akiteremka ngazi za hospitali kwa miguu yake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "leo sina swali la nyongeza. Naomba niishukuru Serikali. Naishukuru sana."

Ukumbi ulilipuka. Wa upande wake walisimama, wa upande wa pili walisimama, na mtu mmoja nyuma alisikika akiuliza kama madirisha yamefungwa, maana leo mvua ya mawe haikosi. Spika alingoja kelele zitulie, naye akicheka.

"Mbunge ameridhika," akasema. "Swali linalofuata."

Alipiga simu nyumbani kutoka kwenye ukumbi wa nje, kabla hata kipindi cha maswali hakijaisha. Dada alisema amemwona, na kwamba kile kitambaa cha kichwani kimemkaa vizuri. Mdogo akamuuliza kama amesikia jibu. Dada alisema amesikia. Kisha akamwambia awahi kurudi, wale pamoja.

Jioni hiyo waliamua kuhusu safari. Daktari alipopigiwa alifurahi kuliko wao. Alisema kama mashine inatoka mwezi huu, kuifunga na kuipima kunaweza kukamilika ndani ya muda, na hospitali itaanza na walio katika hatua ya Dada. Hakuna haja ya kumpandisha mgonjwa ndege. Dada alisema hawezi kwenda kuhangaika ugenini wakati dawa inakuja mlangoni. Tiketi zikarudishwa kesho yake asubuhi.

Kuanzia wiki hiyo, kila Ijumaa mchana, mjalidi mmoja, fundi wa kushona vitabu aliyewahi kufanya kazi na Dada kiwandani, alimletea nakala ya Gazeti la Serikali. Mdogo wake alidhani ni kumbukumbu za kazini, mambo ya wastaafu. Dada aliisoma ilivyosomwa kiwandani, na rula chini ya mstari, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi mbele, kwa sababu jicho linalosoma kinyumenyume halidanganywi na mazoea.

Ijumaa ya tatu, tarehe 31 Mei, mdogo alimkuta kitandani na nakala tatu amezipanga juu ya shuka.

"Halimo," Dada alisema.

"Nini?"

"Tangazo la mashine. La kwanza nilisema wamechelewa kulipeleka chapani. La pili nikasema labda foleni. Hili ni la tatu, mdogo wangu."

Mdogo alikaa ukingoni mwa kitanda. Alisema watakuwa wamechelewa tu, wale watu ndivyo walivyo, atauliza.

"Siku ile ndiyo ya kuuliza. Ulishukuru ukakaa."

"Uliliona hilo siku ileile?"

"Nimekaa pale chapani miaka arobaini, nisilione?"

"Na simu nilikupigia palepale, Dada. Mbona hukuniambia?"

Dada alizikusanya nakala zile, akazigonga kingo zikalingana.

"Ulikuwa umefurahi. Miaka tisa nakuangalia humo ndani, sijawahi kukuona umefurahi. Ningesema nini? Nikadhani Ijumaa litatoka."

Jumanne iliyofuata, saa mbili asubuhi, Bi Nyongeza alikuwa Wizara ya Fedha. Lifti ilikuwa mbovu, akapanda ghorofa sita kwa miguu. Aliyempokea ni ofisa wa dawati la Bunge, mwanamke wa umri wa binti yake, mwenye adabu na meza safi. Kazi ya dawati hilo ni kuhakikisha kila swali la mbunge limepata jibu kabla ya siku yake. Ofisa hakuficha kitu. Alimpeleka kwenye rafu na kumwonyesha jinsi wanavyofanya kazi.

Faili lenye swali la mbunge hubandikwa kibandiko chekundu. Kila Jumatatu wakuu wa vitengo hukutana na kupitia mafaili yenye vibandiko vyekundu, hayo tu, kwa sababu yasiyo na vibandiko ni maelfu. Faili la mashine lilikaa mwaka mzima bila kibandiko. Lilipata chake swali lilipowasilishwa mwezi wa Aprili, na ndani ya wiki tatu likafika kwa Waziri na kusainiwa. Tarehe 15 Mei, siku moja baada ya swali kujibiwa, kibandiko kilibanduliwa. Alama ya gundi ilikuwa bado inaonekana kwenye jalada. Ndani, kwa wino wa buluu, mtu alikuwa ameandika: Limejibiwa. Mbunge ameridhika.

"Mama, naomba usinielewe vibaya," ofisa alisema. "Faili hapa linatembea kwa swali. Swali likiisha, linakaa."

Kilichobaki kilikuwa tangazo lenyewe, mistari minne, ambayo lazima iandikwe na mwanasheria wa wizara ndipo iende chapani. Mwanasheria alikuwa na mafaili ya bajeti, na yale yote yalikuwa na vibandiko. Bi Nyongeza alisema mistari minne anaweza kuiandika yeye mwenyewe, hapohapo, akipewa karatasi. Aina hiyo ya tangazo ameisoma tangu ana miaka saba. Ofisa aliangalia chini. Alisema anajua kwamba angeweza.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa karani. Aliandika upya swali lake mara tatu, na mara tatu karani alilirudisha. Swali lililojibiwa kikamilifu haliulizwi tena kabla ya miezi sita, na mtu yeyote, kwa maneno yoyote. Na hata lingekuwa jipya kabisa, swali huhitaji siku ishirini na moja, na orodha ilishajaa mpaka Bunge litakapoahirishwa mwisho wa Juni. Baada ya hapo hapakuwa na kikao mpaka Novemba.

"Ungekaa kimya tu ningepata pa kushika," karani alimwambia. "Ningesema hukujibiwa vizuri. Lakini ulishukuru, Mheshimiwa. Ukumbi mzima ulikusikia."

Alijaribu milango mingine. Aliiulizia upya safari ya nje, akaambiwa nafasi yao ya Mei imechukuliwa na ya karibu ni mwisho wa Julai. Katika mjadala wa bajeti alitumia dakika zake zote kumi kwa mashine hiyo, na Waziri alipohitimisha alisema michango ya waheshimiwa wote imepokelewa na itafanyiwa kazi. Aliandika barua mbili. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Akamfuata Naibu Waziri mkahawani, akamkuta anakula peke yake, gazeti limeegemezwa kwenye chupa ya maji. Naibu Waziri alimkaribisha kwa furaha ya kweli. Alisema siku ile alifika nyumbani akamwambia mkewe kwamba Bi Nyongeza amemshukuru mbele ya Bunge, na mkewe akamwambia aandike tarehe ukutani.

Alipoelezwa, aliacha kula. Alisema yeye alijua habari ya saini tu. Karatasi aliyopewa haikusema zaidi. Aliuliza kama mwenzake ana mgonjwa.

"Ninao mia tatu na kumi na wawili," alijibu.

Naibu Waziri aliandika namba ya faili kwenye karatasi ya kufutia mikono, akaikunja, akaiweka mfuko wa juu. Na hakusahau; ofisa wa dawati anathibitisha kwamba alipiga simu kesho yake, na kwamba faili lilitoka kwenye rafu likawekwa juu ya meza ya mwanasheria. Mwisho wa Juni bajeti ilipita, mwanasheria akaenda likizo ya siku ishirini na nane, na aliyekaimu nafasi yake hakugusa kilichokuwa mezani pa mwenzake, ambaye aliporudi alikuta mafaili mapya yenye vibandiko yamewekwa juu yake. Katika mlolongo huu wote ni vigumu kumpata mtu mbaya. Bi Nyongeza amemtafuta, maana ingemsaidia.

Tarehe 18 Julai daktari alipiga picha mpya, kisha akawaita wote wawili. Ugonjwa ulikuwa umepanda mpaka kwenye figo. Mionzi, hata ingepatikana siku hiyo, isingeufikia tena, na safari ya nje ingekuwa ya kumchosha mgonjwa tu. Sasa ni dawa za maumivu. Mdogo alifungua mdomo, na Dada akamwekea mkono kwenye goti.

"Usimwulize nyongeza," alisema. "La msingi linatosha."

Daktari, ambaye hakujua utani ule ulitoka wapi, aliwatazama wakicheka mpaka mmoja wao akaanza kulia. Bi Nyongeza hasemi ni yupi.

Miezi miwili iliyofuata Dada aliishi chumba cha nyuma. Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo watu, akateleza kila alipotaka kushikwa mkono. Mdogo wake alipojaribu kuomba radhi, na alijaribu mara nyingi, Dada alibadilisha mazungumzo: pazia, bei ya sukari, jirani aliyepaka nyumba rangi ya ajabu. Mara moja tu alikubali kusikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwamba kosa la prufu halina mtu mmoja. Wote wameipitia karatasi, wote wamelikosa, na wa mwisho hulaumiwa kwa sababu tu ndiye wa mwisho.

"Na mimi nililiona," akaongeza. "Sasa nani mwenye kosa?"

Mwezi Agosti aliandika tangazo lake mwenyewe la kifo. Alisema mdogo wake akiachiwa ataweka maswali ndani. Aliliandika kwa penseli, akaliacha siku mbili, akalisoma kinyumenyume na rula, akasahihisha umri wake na kufuta neno "mpendwa" mahali pawili. Alibakiza nafasi ya tarehe.

Alifariki Jumatatu, tarehe 23 Septemba 2019, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika kisigino, maana mikono ilikuwa inamuuma. Alikuwa na miaka sitini na sita. Tangazo lilitoka kwenye gazeti la kesho yake kama alivyoliandika, bila kosa. Karani wa Meza ya Maswali alikuja msibani na koti lake la kazini. Ofisa wa dawati alikuja pia, akakaa karibu na mlango, na aliondoka bila kula. Naibu Waziri alituma salamu za maandishi.

Watu waliomwendea Bi Nyongeza siku zile walimwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Hakubishana na yeyote. Alimwambia karani tu, walipobaki wawili wakikunja viti, kwamba alimpa asante mtu ambaye hakuwa amemaliza kazi.

Tarehe 16 Oktoba alirudi bungeni na kuwasilisha swali lilelile kwa ajili ya mkutano wa Novemba, safari hii likianza na tangazo. Miezi sita ingekuwa imetimia, na karani alilipokea bila kulipunguza neno. Nakala ilifika Wizara ya Fedha Jumatatu ya wiki iliyofuata. Ofisa wa dawati alibandika kibandiko chekundu kwa mkono wake. Ijumaa, tarehe mosi Novemba, tangazo lilitoka katika Gazeti la Serikali, mistari minne, chini ya taarifa ya hati ya kiwanja iliyopotea. Tarehe 12 Novemba forodha ilifungua ghala, na lori la hospitali likaichukua mashine.

Mafundi wanaifunga sasa. Wanasema kuifunga na kuipima ni kazi ya wiki saba. Wiki iliyopita muuguzi wa kliniki alipiga simu kwa kila jina lililokuwa kwenye orodha ya Mei ili kuwapangia siku. Kati ya majina mia tatu na kumi na mawili, waliopokea wenyewe au waliopokelewa simu na mtu aliyesema mgonjwa yupo ni mia mbili na thelathini na tisa. Simu ya mia na themanini na nane ilipokelewa na Bi Nyongeza. Alimshukuru muuguzi, akamwambia aende kwa anayefuata.

Karani alimweleza kwamba swali lake limepitwa na wakati, kwa kuwa alichokiuliza kimekwisha kufanyika, na akamshauri aliondoe au alibadilishe, kwa sababu nafasi kwenye orodha ni yake. Alilibadilisha hapohapo, amesimama. Anataka Wizara ya Fedha iseme ni misamaha mingapi iliyokwisha kusainiwa lakini haijachapwa, kila mmoja ni wa kitu gani, na kitu hicho kipo wapi leo. Limepangwa Jumatano, tarehe 20 Novemba, la sita kwenye orodha. Litajibiwa na Naibu Waziri yuleyule.